SOMO LA KUMI NA MBILI: KIJIJI KINACHOKAGUA MIPAKA YAKE

Kabla ya kusoma

Ndugu mwanakisomo, kabla hujaanza kusoma, zungumza kwanza na mwenzako uliyekaa naye. Mwambie: mpaka kati ya shamba lako na shamba la jirani yako umewekwa alama gani? Ni mti, jiwe, mkonge au masale? Je, zaidi yako wewe na jirani yako, nani mwingine anaijua alama hiyo? Likumbuke jibu lako. Tutalirudia mwisho wa somo.

1. Kijiji cha Laxton

Laxton ni kijiji kidogo katika nchi ya Uingereza. Kipo katika jimbo la Nottinghamshire, kiasi cha kilometa 200 kaskazini ya mji wa London. Ni kijiji cha wakulima. Kina barabara kuu, kanisa la mawe la zamani sana, kilabu kiitwacho Dovecote, na nyumba za matofali mekundu zilizopangana kando ya barabara.

Kijiji hiki ni cha siku nyingi. Mwaka 1085 Mfalme William wa Kwanza aliamuru ardhi ya Uingereza iandikwe katika daftari, ili ajue nani ana nini na kodi iwe kiasi gani. Laxton imo katika daftari hilo. Upande wa kaskazini wa kijiji kuna kilima kikubwa kilichojengwa kwa mikono ya watu. Juu ya kilima hicho palikuwa na ngome ya makabaila waliotawala ardhi ile. Ngome imekwisha, kilima kimebaki.

Sehemu nyingi za Uingereza, mkulima hujenga nyumba yake peke yake katikati ya shamba lake. Laxton si hivyo. Wakulima wanakaa pamoja kijijini, na mashamba yako nje ya kijiji. Kila asubuhi mkulima hutoka kwake kwenda shambani. Wewe unayesoma haya huenda unaishi hivyo hivyo. Sasa tuone kwa nini watu wa Laxton wanaishi namna hiyo.

2. Mashamba matatu yasiyo na ua

Nje ya kijiji kuna mashamba matatu makubwa. La kwanza linaitwa Shamba la Kusini. La pili ni Shamba la Magharibi. La tatu ni Shamba la Kinu, kwa sababu zamani palikuwa na kinu cha kusagia nafaka. Mashamba haya hayakuzungushiwa ua. Ukisimama pembeni unaona ardhi moja kubwa iliyo wazi.

Lakini ardhi hiyo si ya mkulima mmoja. Imegawanywa vipande virefu na vyembamba. Kila kipande kina mkulima wake. Mkulima mmoja hana vipande vyake vyote mahali pamoja. Ana vipande huku na vipande kule, katika mashamba yote matatu. Kushoto kwake yuko jirani mmoja, kulia kwake yuko jirani mwingine.

Kwa nini waligawana hivyo? Ardhi haifanani. Mahali pengine ina rutuba, mahali pengine ni mbaya. Udongo wa Laxton ni wa mfinyanzi, mzito, na mvua ikizidi maji husimama. Kama mtu mmoja angepewa bonde lote zuri na mwingine akapewa mahali panaposimama maji, mmoja angeshiba na mwingine angelala njaa. Kwa kutawanya vipande, kila mmoja alipata kizuri kidogo na kibaya kidogo.

Hii ndiyo sababu wakulima walikaa kijijini. Mtu mwenye vipande katika mashamba matatu hawezi kujenga karibu na vyote. Mahali pa katikati ni kijiji.

3. Ekari imetoka wapi?

Neno ekari tunalitumia kila siku. Tunasema, "Nimelima ekari mbili." Neno hili limetoka katika lugha ya Kiingereza, na kipimo chake kimetoka katika mashamba kama haya.

Zamani ekari ilihesabiwa kuwa ardhi ambayo jozi ya maksai iliweza kulima kwa siku moja. Kwa kawaida ilikuwa kipande chenye urefu wa yadi 220 na upana wa yadi 22. Kilikuwa kirefu na chembamba kwa sababu ya plau. Kuwageuza maksai wenye plau nzito ni kazi. Mstari ukiwa mrefu, mkulima hugeuza mara chache.

Sisi tumezoea kupima ekari kwa hatua 70 kwa hatua 70. Umbo ni lingine, lakini ukubwa unakaribia kuwa ule ule. Utauhakikisha mwenyewe katika zoezi la hesabu.

4. Zamu ya mazao

Mashamba matatu yalikuwa na zamu. Zamu hiyo ilikuwa hivi:

Shamba la kwanza hupandwa ngano. Ngano hupandwa kabla ya majira ya baridi, hukaa ardhini wakati wa barafu, kisha huvunwa wakati wa joto, kama mwezi wa Agosti.

Shamba la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, kama mwezi wa Machi. Mazao hayo ni shayiri, maharagwe au njegere.

Shamba la tatu halipandwi. Linapumzishwa ili lipate nguvu tena.

Mwaka unaofuata mashamba hubadilishana. Lililokuwa na ngano hupandwa shayiri au maharagwe. Lililokuwa na shayiri hupumzika. Lililopumzika hupandwa ngano. Baada ya miaka mitatu kila shamba limekwisha pita katika zamu zote.

Zamani, baada ya mavuno, mifugo ya wanakijiji iliingizwa shambani kula mabua. Iliingizwa pia katika shamba lililopumzika. Mifugo ilipata malisho, na ardhi ilipata samadi.

Utaona kwamba mpango huu haukumpa mtu nafasi ya kufanya apendavyo. Kama wote wamepanda ngano na mmoja amechelewa kuvuna, mifugo ya wenzake ingekula mazao yake. Kama mmoja angepanda katika shamba la kupumzika, angeharibu malisho ya wote. Walihitaji kukubaliana tarehe, na walihitaji mtu wa kusimamia makubaliano. Mnyama akikutwa akizurura katika mazao alikamatwa na kufungiwa katika zizi la kijiji. Mwenye mnyama hakumpata mpaka alipe.

5. Ubaya wa mfereji mmoja

Sasa tazama jambo linalotuhusu sote. Kati ya kipande na kipande hapakuwa na ua. Palikuwa na mfereji tu uliochimbwa na plau. Mkulima mwenye tamaa angeweza kuisogeza plau yake kidogo upande wa jirani. Mwaka wa kwanza futi moja. Nani ataiona futi moja? Mwaka wa pili futi nyingine.

Fanya hesabu. Kipande kina upana wa yadi 22. Yadi moja ni futi tatu. Basi kipande kina upana wa futi 66. Mtu akiiba futi moja kila mwaka, baada ya miaka 66 kipande chote cha jirani kimekwisha. Baba ameanza wizi, mtoto ameumaliza. Wakati huo wazee walioujua mpaka wa kwanza wamekwisha fariki, na wajukuu wanagombana bila ushahidi.

Hata njia za shambani huibiwa hivyo hivyo. Njia ni ya wote, kwa hiyo kila mtu hudhani si ya mtu. Mkulima wa huku analima futi moja, wa kule futi moja. Mwisho trekta au gari la mazao halina pa kupita.

Watu wa Laxton waliiona hatari hiyo. Wakaweka kinga mbili: ramani na ukaguzi.

6. Ramani ya mwaka 1635

Mwaka 1635 mpimaji aitwaye Mark Pierce alichora ramani ya Laxton. Alimchorea Sir William Courten, tajiri aliyekuwa ameinunua ardhi ile. Ramani inaonyesha kijiji, njia, malisho, na vipande vya mashamba. Pamoja nayo palikuwa na daftari la kuonyesha nani ana kipande gani. Ndani ya ramani mna picha ndogo za watu wakilima na kuvuna. Ramani hiyo haikupotea. Imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian katika mji wa Oxford.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Pierce aliitwa na tajiri aliyetaka kujua mali yake. Lakini mpaka ukishaandikwa, maandishi hayo yanaweza kumlinda hata mnyonge. Sharti ni moja: ajue kuyasoma. Hapo ndipo faida ya kisomo inapoonekana.

7. Siku ya ukaguzi

Ramani peke yake haitoshi, kwa sababu plau haisomi ramani. Kwa hiyo kila mwaka Laxton huwa na siku ya ukaguzi. Huwa mwishoni mwa mwezi wa Novemba, ngano ikiwa imekwisha pandwa.

Wakaguzi ni wanakijiji wenyewe. Ni watu 12 pamoja na kiongozi wao, na huapishwa kwa kazi hiyo. Siku yenyewe wanapanda trela zinazovutwa na trekta, wanakwenda katika shamba lenye ngano. Mwaka huu wanakagua shamba moja, mwaka ujao shamba linalofuata kwa zamu. Kwa hiyo katika miaka mitatu wamekagua mashamba yote.

Wanakagua nini? Kwanza, kama kuna mkulima aliyelima na kuingia katika njia au katika majani ya wote. Pili, kama kuna aliyeingia katika kipande cha jirani. Tatu, kama mitaro ya maji imesafishwa. Udongo wa mfinyanzi bila mitaro ni dimbwi, na mtaro wa mmoja ukiziba, maji huingia kwa mwingine.

Wakikuta mpaka umevukwa, wanapima. Kisha wanapigilia vigingi vya mti pale mpaka unapostahili kuwa. Kila mtu anaviona vigingi hivyo. Baadaye wanarudi kijijini, wanakula pamoja katika kilabu cha Dovecote, na wanashauriana nani atozwe faini na kiasi gani.

Kumbuka kwamba wakaguzi wenyewe ni wakulima katika mashamba yale yale. Mkaguzi naye akikutwa amevuka mpaka, hutozwa kama mwingine yeyote.

8. Mahakama ya kijiji

Baada ya juma moja hivi, mahakama ya kijiji hukaa. Haikai katika jengo kubwa. Hukaa katika kilabu hicho hicho. Msimamizi huongoza shauri, na majina ya wanakijiji wanaopaswa kuhudhuria huitwa. Asiyefika bila sababu hutozwa senti chache. Habari ya wakaguzi hutolewa, na waliovunja taratibu hutajwa pamoja na faini zao. Kisha wakaguzi wengine huapishwa kwa kazi inayofuata.

Faini si kubwa. Hakuna anayefilisika kwa faini ya Laxton. Lakini jambo lake limesemwa hadharani, mbele ya watu atakaokutana nao kesho njiani. Na la maana zaidi, kosa limekamatwa likiwa futi moja. Halikungojwa mpaka liwe futi 66.

Zamani vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na mahakama za namna hii. Polepole zilikufa. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilizifutia mamlaka mahakama nyingi za kale zilizokuwa zimebaki. Mahakama ya Laxton iliachiwa mamlaka yake, kwa sababu ilikuwa bado inafanya kazi.

9. Vijiji vingine vilipatwa na nini?

Zamani sehemu kubwa za Uingereza zililimwa kama Laxton. Mbona leo hazilimwi hivyo?

Jibu ni ua. Matajiri wenye ardhi walitaka kuunganisha vipande, kuzungushia ua wa miti, na kulima au kufuga wapendavyo. Walipeleka maombi Bungeni, na Bunge lilipitisha sheria kwa kila mahali. Kati ya mwaka 1604 na mwaka 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua. Sheria hizo zilihusu ekari kama milioni 6.8. Hiyo ni zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano ya ardhi ya England.

Tuseme haki kwa pande zote. Mashamba yenye ua yalikuwa na faida. Mkulima aliweza kujaribu mazao mapya bila kuwangoja wenzake. Hakupoteza muda kwenda kipande hiki na kile. Mifugo ya magonjwa haikuchanganyika kwa urahisi na mizima.

Lakini faida hiyo haikugawanywa sawa. Maskini mwenye ng'ombe mmoja alikuwa akimlisha katika malisho ya wote. Alikuwa akiokota kuni huko. Ua ulipowekwa, malisho ya wote yakawa ya mtu mmoja. Wengine walipewa kipande kidogo, wakashindwa gharama ya kukizungushia ua, wakakiuza. Wengine hawakuwa na karatasi ya kuonyesha haki yao, wakakosa kabisa. Wengi wakawa vibarua katika ardhi waliyoizoea tangu utoto.

10. Laxton ilinusurikaje?

Laxton nayo sehemu ya ardhi yake ilizungushiwa ua. Lakini mashamba matatu yalibaki. Inaelezwa kwamba wenye ardhi wakubwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, hawakuelewana, na gharama zilikuwa kubwa. Kwa hiyo mambo hayakuendelea. Mwanzoni mwa karne ya 20 vipande viliunganishwa kidogo ili viwe vikubwa zaidi na vilimike kwa urahisi. Hata hivyo mpango wenyewe haukufutwa.

Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuzia Wizara ya Kilimo ardhi ya Laxton, ili mpango huo uhifadhiwe. Mwaka 1981 ardhi ilikabidhiwa kwa shirika linalosimamia mali ya Taji la Uingereza. Mwaka 2020 ilinunuliwa na Thoresby, mali ya ukoo ule ule wa Manvers. Wenye ardhi wamebadilika mara nyingi, lakini siku ya ukaguzi imeendelea.

Tusiifanye Laxton kuwa peponi. Wakulima wengi wa Laxton wamekuwa wapangaji katika ardhi ya makabaila. Wanalipa kodi. Idadi ya wakulima imepungua, kwa sababu trekta moja hufanya kazi ya watu wengi, na shamba dogo halimtoshi kijana kuishi. Bila watu wa kulima, wakaguzi 12 watatoka wapi? Hilo ndilo swali kubwa la kijiji hicho leo.

11. Tunajifunza nini?

Watu wa Laxton si malaika. Kama wangekuwa malaika, wasingehitaji vigingi. Wanajua kwamba jirani mwema naye anaweza kuvuka mpaka, kwa tamaa au kwa kutoona vizuri siku ya kulima. Kwa hiyo hawangoji ugomvi. Wanakagua kila mwaka, ugomvi uwepo au usiwepo. Wanakagua mchana, mbele ya wote, kwa watu waliochaguliwa miongoni mwao. Ukaguzi ukiwa desturi, hakuna anayeweza kusema, "Mmekuja kwangu kwa sababu mnanichukia."

Maneno ya kukumbuka

Kabaila: mtu mwenye ardhi kubwa inayolimwa na wengine.
Kupumzisha ardhi: kuacha kupanda kwa muda ili ardhi ipate nguvu.
Mfereji: mstari ulioachwa na plau.
Kigingi: mti mfupi uliochongwa na kupigiliwa ardhini.
Mpangaji: mtu anayetumia ardhi au nyumba ya mwingine kwa kulipa kodi.
Kunusurika: kuokoka katika hatari.

Maswali

1. Mashamba matatu ya Laxton yanaitwaje?
2. Kwa nini kila mkulima alikuwa na vipande mahali mbalimbali?
3. Eleza zamu ya mazao ya miaka mitatu.
4. Wakaguzi wanatazama mambo gani matatu?
5. Ramani ya Laxton ilichorwa mwaka gani, na nani aliichora?
6. Taja faida moja na hasara moja ya kuzungushia ardhi ua.

Hesabu

1. Kipande kina urefu wa yadi 220 na upana wa yadi 22. Eneo lake ni yadi za mraba ngapi?
2. Shamba lina hatua 70 kwa hatua 70. Tuseme kila hatua ni yadi moja. Eneo lake ni yadi za mraba ngapi? Linganisha na jibu la kwanza.
3. Jirani anakuibia futi moja ya upana kila mwaka. Baada ya miaka 12 amechukua yadi ngapi?

Majadiliano ya darasa

Rudini katika swali la kwanza la somo. Kila mmoja aeleze alama ya mpaka wake. Je, kijijini kwenu mipaka na njia za wote hukaguliwa, au hungojwa mpaka watu wagombane? Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kuwapatanisha wanaogombania ardhi. Je, mnawajua wajumbe wa baraza lenu kwa majina? Yaandikeni ubaoni. Kama hakuna anayeyajua, chagueni watu wawili wakaulize, na walete majibu katika kipindi kijacho.